Kwa nini XML inamkataa ng'ombe wa kituo cha nne

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninatunza kumbukumbu za ushirika mmoja wa maziwa. Vituo vyetu vinne vya kukusanyia maziwa hunitumia faili ya XML (data iliyopangwa kwa lebo) kila mwisho wa wiki, nami huzisoma kwa programu niliyoiandika kwa Python nikitumia lxml, maktaba ya kusomea XML. Faili za vituo vitatu hazijawahi kunisumbua. Ya kituo cha nne inakwama mstari wa 412 na kutoa ujumbe huu: "Input is not proper UTF-8, indicate encoding ! Bytes: 0x92 0x6F 0x6D 0x62". Nikiifungua kwa Notepad sioni kasoro. Mwenzangu kanishauri nifute UTF-8 kwenye mstari wa kwanza niweke ISO-8859-1, na kweli ikasomeka papo hapo. Lakini sasa nikitafuta "ng'ombe" kwenye hifadhidata, wa kituo cha nne hawatokei, ingawa nikifungua faili yenyewe kwa kivinjari nawaona wote. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kutafuta mkosaji, zisome hizo baiti nne ulizoandikiwa, maana jibu karibu lote limo humo. Baiti ni namba ndogo ambazo kompyuta huhifadhi herufi kwazo, na 0x huonyesha tu kwamba namba imeandikwa kwa msingi wa 16. 0x6F ni o, 0x6D ni m, 0x62 ni b. Rudi nyuma herufi mbili kwenye mstari wa 412 utaikuta n na g. Aliyekwama ni ng'ombe, na kilichomkwamisha ni ritifaa yake.

Ritifaa ya kibodi, ile iliyonyooka, ni baiti 0x27. Hii ya kwako ni 0x92, ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia kama Word huiweka zenyewe unapobonyeza ile ya kawaida. Katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake, hii ni U+2019. Usimbaji ni kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti. Kwenye usimbaji wa zamani wa Windows unaoitwa Windows-1252, U+2019 huandikwa kwa baiti moja, 0x92. Kwenye UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu: E2 80 99. Faili yako imetumia njia ya kwanza, huku mstari wake wa kwanza ukitangaza ya pili.

Sasa kwa nini lxml ikagoma badala ya kukisia tu? UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, imepangwa kwa namna ya kujikagua. Baiti yoyote iliyo chini ya 0x80 inajitegemea. Baiti kuanzia C2 hadi F4 huanzisha kundi na kusema kundi lina baiti ngapi. Baiti kuanzia 80 hadi BF ni za kufuata tu, haziwezi kuanza. 0x92 imo kwenye hizo za kufuata, na kabla yake ipo g, ambayo haikuanzisha kitu. Ni mkia uliokuja bila kichwa. Kanuni za XML 1.0, za mwaka 1998, zinasema kosa la namna hii ni la kusimamisha kazi, na kichanganuzi, yaani programu inayoisoma XML, hakina ruhusa ya kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Watu huiona hii kuwa ukali. Mimi naipenda, kwa sababu utakazoziona huko mbele.

Notepad haikukuonyesha kasoro kwa kuwa haisomi tamko la XML, yaani ule mstari wa kwanza unaotaja usimbaji, hata kidogo. Yenyewe huangalia baiti, ikiona hazifai kuwa UTF-8, inazichukulia kuwa za usimbaji wa mashine yako, ambao kwa Windows nyingi za huku kwetu ni huo huo 1252. Ndiyo maana ritifaa ilitokea nzuri. Kama Windows yako si ya zamani sana (kuanzia toleo la 1903 la Windows 10), tazama pembe ya chini kulia ya Notepad, utakuta limeandikwa neno ANSI. Hilo ndilo ungamo lake: nimeisoma hii, lakini si kwa UTF-8.

Tuje kwa ushauri wa mwenzako, kwa sababu umeleta madhara kuliko kosa lenyewe. Ule mstari wa kwanza wa XML, wenye encoding="UTF-8", haubadilishi chochote ndani ya faili. Ni ushahidi tu, kama mtu aliyeandika "sukari" juu ya kopo. Ukibadilisha maandishi ya kopo hujabadilisha kilichomo. Mwenzako alikuambia ufute "sukari" uandike "unga", wakati ndani mna chumvi.

Maana ISO-8859-1 na Windows-1252 si kitu kimoja, ijapokuwa wengi huzitaja kama pacha. Zinakubaliana karibu kila mahali isipokuwa eneo la 0x80 hadi 0x9F. Hapo Windows-1252 imeweka ritifaa zilizopinda, vistari virefu, alama ya yuro na kadhalika. ISO-8859-1 imeweka herufi za udhibiti, zisizoonekana, ambazo leo karibu hakuna azitumiaye. Kwa hiyo ulipotangaza ISO-8859-1, lxml ikatii: ikaigeuza 0x92 kuwa U+0092, herufi ya udhibiti, na kwa kuwa XML 1.0 haiikatazi herufi hiyo, kazi ikapita kimya. Hifadhidata yako sasa ina n, g, kitu kisichoonekana, o, m, b, e. Utatafuta ng'ombe mpaka uchoke.

Na kivinjari je? Hapo ndipo utamu wa kisa. Kwa miaka mingi kurasa za intaneti zilitangaza ISO-8859-1 huku zikiwa za Windows-1252, hata vivinjari vikaamua kuuzoea uongo huo, na sasa imeandikwa rasmi kwenye kanuni zao: ukikuta jina ISO-8859-1, soma kama Windows-1252. lxml inafuata jina kama lilivyo. Faili moja, tamko moja, visomaji viwili, majibu mawili, na vyote viwili viko sahihi kwa sheria zao. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Angalia pia kwamba ISO-8859-1 haina baiti inayoikataa. Hata picha ya JPEG ukiipa itaisoma na kukuletea herufi. Ikikubali, hujajua lolote. UTF-8 ikikubali faili yenye baiti zilizozidi 0x7F, hapo umejua jambo, kwa kuwa maandishi ya usimbaji mwingine ni nadra sana kupita kwenye mpangilio ule wa vichwa na mikia kwa bahati tu.

Nina neno kuhusu vituo vyako vitatu "vizima". Sina imani navyo. Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za a hadi z bila vikorombwezo, na zote ziko chini ya 0x80, mahali ambapo ASCII (usimbaji mkongwe wa herufi za msingi), Windows-1252 na UTF-8 zinafanana baiti kwa baiti. Mfaransa akiwa na programu mbovu ataligundua tatizo siku ya kwanza, kwenye é ya kwanza. Mwenzetu wa Lubumbashi aliye na akina Bénédicte kwenye orodha yake ya Kiswahili naye ataligundua mapema. Sisi tunaweza kukaa miaka na programu inayoandika Windows-1252 na kutangaza UTF-8, na kila kitu kikapita, mpaka atokee karani mmoja anayenakili majina kutoka Word. Vituo vyako vitatu vinaandika ritifaa iliyonyooka. Kama wanatumia programu ile ile ya kituo cha nne, ugonjwa wanao, ila bado haujawatoa upele.

Sasa tutibu. Chukua faili ya awali, yenye tamko lake la UTF-8 kama ilivyokuja, usiitumie ile mliyoibadilisha mstari wa kwanza. Kisha:

ghafi = open("kituo4.xml", "rb").read()
try:
    maandishi = ghafi.decode("utf-8")
except UnicodeDecodeError as kosa:
    print(kosa.start, ghafi[kosa.start-15:kosa.start+15])
    maandishi = ghafi.decode("cp1252")
open("kituo4-safi.xml", "wb").write(maandishi.encode("utf-8"))

Ile "rb" ni ya lazima: unataka baiti zenyewe, bila Python kukutafsiria kwanza. Na cp1252 ni jina ambalo Python huiitia Windows-1252. Mstari wa print utakuonyesha kitu kama b'\n    <mifugo>ng\x92ombe wa kisasa', na hapo utaamini kwa macho yako. Faili safi itakayotoka haihitaji kuguswa tamko, kwa sababu sasa ule uongo wa mstari wa kwanza umekuwa kweli. Ukiwa kwenye Linux, amri moja ya iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 hufanya kazi hiyo hiyo, lakini haikuulizi kama faili ilikuwa nzima tangu mwanzo, na hapo ndipo mimi nilipoungulia.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, nina folda ya orodha za wateja wa ofisi moja, nikaendesha iconv juu ya folda nzima. Ikakatika umeme. Uliporudi sikuwa na hakika nilifika wapi, nikaianzisha upya toka mwanzo. Faili zilizokwisha kugeuzwa zikageuzwa tena: zile baiti tatu E2 80 99 zikasomwa kama herufi tatu za Windows-1252, â na € na ™. Jumatatu wateja wakapokea risiti zenye Langâ€™ata na Murangâ€™a. Hakuna aliyefurahi. Ukikuta sura hiyo ya â€™ mahali popote, jua ni UTF-8 iliyosomwa kama 1252, na kwa kawaida inarudishwa kwa kupita njia ile ile kinyumenyume: neno.encode("cp1252").decode("utf-8"). Ndiyo sababu kwenye msimbo wa hapo juu nimeanza na jaribio la UTF-8. Faili nzima ikipita jaribio hilo haiguswi, hata ukiendesha mara kumi.

Ukipata kosa jingine kwenye decode("cp1252") yenyewe, hasa likilalamikia baiti 0x9d, simama. Windows-1252 ina baiti tano zisizo na herufi: 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Alama ya kufungia nukuu iliyopinda huandikwa E2 80 9D kwenye UTF-8, kwa hiyo 9D iliyojitokeza ni dalili kubwa kwamba faili ni mchanganyiko, nusu UTF-8 na nusu 1252. Hutokea mtu akiunganisha orodha za vyanzo viwili kuwa faili moja. Dawa ni kuigawa kwa mistari, ghafi.split(b"\n"), na kuujaribu kila mstari peke yake kwa utaratibu ule ule wa UTF-8 kwanza. Si maridadi, lakini inafanya kazi.

Hifadhidata sasa. Tafuta safu zote zenye herufi kati ya \x80 na \x9f, kwa Python ni re.search("[\x80-\x9f]", neno). Kwenye maandishi halali ya Kiswahili herufi hizo hazina kazi, kwa hiyo ukizikuta umekamata. Kila moja irekebishe kwa neno.encode("latin-1").decode("cp1252"); latin-1 ni jina jingine la ISO-8859-1. Fanya nakala ya hifadhidata kwanza. Nimesema mara moja, lakini jifanye umesikia mara tatu.

Na bado hutawapata ng'ombe wako wote! Ukishatengeneza yote hayo, kituo cha nne kitakuwa na ritifaa iliyopinda, U+2019, vingine vitatu vina iliyonyooka, U+0027. Kwa jicho ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili. Ongeza karani anayebonyeza ile alama ya kushoto kabisa ya kibodi, `, na mwingine aliyejigundulia ´, halafu U+02BC ambayo Unicode imeitenga kwa ajili ya ritifaa iliyo sehemu ya herufi, na unaweza kuwa na ng'ombe wa aina tano kwenye zizi moja. Wenye elimu ya lugha watakuambia 02BC ndiyo inayostahili, kwa kuwa ng' yetu ni sauti moja na ritifaa yake si alama ya uandishi. Wana hoja. Lakini sijaona kibodi ya karani hata mmoja inayoitoa, na ukiweka kitu ambacho watu hawawezi kukiandika, hawataweza kukitafuta. Mimi huhifadhi 0x27 kwenye data na kuacha programu ya kuchapa iipinde yenyewe ikitaka. Zigeuze zote kuwa moja wakati wa kuingiza, na ligeuze pia neno analoandika mtu kwenye kisanduku cha kutafutia.

Utakutana na watu watakaokuambia hayo yote ni usumbufu, weka tu errors="ignore" au recover=True na kazi iendelee. Usiwasikilize. Ya kwanza hutupa baiti isiyoielewa kimyakimya. Ya pili huruhusu kichanganuzi kuendelea na data ambayo huna tena hakika nayo. Kwa ng'ombe utabaki na ngombe, utacheka yaishe. Lakini ng'oa ikipoteza ritifaa inakuwa ngoa, neno jingine kabisa lenye maana ya wivu na tamaa, na hakuna kikagua tahajia kitakachokushtua. Nyang'hwale ya Geita, Chang'ombe ya Temeke, Ng'ambo ya Unguja, ukoo wa mtu aitwaye Ng'ang'a: ritifaa kwenye majina haya ni sehemu ya jina, na mkulima anayelipwa kwa jina lake ana haki ya kuliona limekamilika.

Hayo yote ni kufagia maji bila kufunga bomba. Bomba liko kituo cha nne. Nakisia programu yao inaunda XML kwa kuunganisha vipande vya maandishi: ule mstari wa kwanza umeandikwa mkono kwa sababu mtu aliuona mahali akaunakili, kisha data ikamwagwa kwenye faili kwa usimbaji wa mashine. Visual Basic ya zamani hufanya hivyo hasa ukiandika kwa Print #. Mwandishi wake aache kuunganisha vipande, atumie maktaba ya kuandikia XML iliyomo kwenye lugha yake, ambayo huandika tamko na baiti kwa mkono mmoja, hivyo haviwezi kupingana. Atapona na jambo la pili hapo hapo: ritifaa iliyonyooka ndani ya atributi iliyofungwa kwa alama hiyo hiyo, jina='Ng'ang'a', inavunja XML hata usimbaji ukiwa safi, nayo maktaba hujua kuibadilisha kuwa &apos;.

Kama mwandishi hapatikani tena, au programu imeshakuwa ya urithi ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, omba kitu kimoja tu: tamko lisomeke encoding="windows-1252". Kanuni za XML zinakilazimisha kila kichanganuzi kujua UTF-8 na UTF-16 peke yake, lakini lxml yako inaijua na hii, na itakusomea U+2019 sawasawa bila msimbo wowote wa ziada. Ukweli usiopendeza unasomeka kuliko uongo wa kisasa.

Kwa upande wako, mpe lxml faili au baiti, usimpe maandishi uliyokwisha kuyafungua kwa open() ya kawaida. Ukimpa maandishi yenye tamko la usimbaji ndani yake atakukatalia, na ana haki, maana tamko linazungumzia baiti ambazo hazipo tena.

Ujumbe wa "not well-formed (invalid token)" kutoka kichanganuzi cha kawaida cha Python, au wa Java unaosema "Invalid byte 1 of 1-byte UTF-8 sequence", mara nyingi ni ng'ombe huyu huyu kwa lahaja nyingine. Ila ukiona kosa linaangukia kwenye 0x0B, hilo si la usimbaji. Ni alama ya kukata mstari iliyonakiliwa kutoka Word, na XML 1.0 haiipokei kwa sura yoyote; ifute.

Wiki hii, kabla hujagusa msimbo, vitumie vituo vyote vinne mstari mmoja waunakili kwenye sehemu ya maelezo na wakutumie faili kama kawaida. Uwe na ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, é moja, alama ya €, na neno moja la Kiarabu, tuseme حليب, maziwa. Ukirudi salama wote, wameponyoka. Ukikwama kwenye 0x92, unajua la kufanya. Neno la Kiarabu likirudi kama alama za kuuliza tupu, ????, basi programu yao ilishaitupa herufi kabla ya kuandika faili. Hapo hakuna iconv wala Python itakayoirudisha. Mpigie simu mwenye kituo.